Kijiji kilitutuma, mbona hakitupokei?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nijibu hoja iliyotolewa humu majuma mawili yaliyopita na msomaji mwenzangu, aliyeandika kwamba Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi ni mahali pa kuwahifadhi walioshindwa shule, na kwamba mtu mzima anayekwenda huko akiwa na miaka thelathini na kitu anachukua nafasi ya kijana ambaye angelitumikia taifa kwa muda mrefu zaidi. Barua yake haikunichukiza, maana maneno hayo nimekwisha kuyasikia kwa maofisa, kwa wazazi na hata kwa ndugu zangu wa tumbo moja. Naandika kwa sababu mimi ni mmoja wa hao anaowazungumzia. Niliingia chuo mwaka 2008 nikiwa na miaka 34 na watoto watatu, nikatoka mwishoni mwa mwaka 2009 nikiwa fundi bomba, na ufundi huo ndio ulionilisha na kunisomeshea watoto mpaka leo.

Kwanza tukumbushane vyuo hivi vilianzishwa kwa ajili ya nani. Mwaka 1964, alipokuwa akiwasilisha mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba taifa halina budi kuanza kuwaelimisha watu wazima, kwa kuwa mchango wa watoto waliokuwa shuleni ungechukua miaka mingi kuonekana. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo wazazi wetu wanaikumbuka vizuri kuliko sisi: watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakainuka kwenda kuchimba vyoo. Vyuo vyenyewe vilifuata mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden, vikiwa vimeiga mfano wa vyuo vya wananchi vya huko, ambavyo navyo wazo lake lilitoka Denmark, ambako cha kwanza kilifunguliwa katika mji wa Rødding mwaka 1844 kwa ajili ya vijana na watu wazima wa mashambani. Leo vyuo vyetu vya serikali ni 54, kuanzia Kisarawe na Newala hadi Musoma, Sikonge na Kasulu.

Jambo ambalo msomaji mwenzangu hakuligusa, na ambalo kwangu ndilo kiini cha mambo yote, ni mapatano yaliyokuwa nyuma ya vyuo hivyo. Katika miaka ya mwanzo kijiji ndicho kilichomchagua mtu wa kwenda kusoma. Mtu huyo alikwenda kwa niaba ya kijiji, akajifunza useremala, uashi, ushonaji, kilimo, uhunzi au upishi, kisha akarudi kwa waliomtuma. Hapakuwa na haja kubwa ya mtihani wala ya cheti cha kumpeleka mjini, kwa sababu kazi yake ilikuwa inamngoja nyumbani: duka la ushirika, karakana ya kijiji, zahanati inayojengwa, mradi wa maji unaohitaji mtu wa kuuangalia. Kijiji kilituma, kijiji kikapokea. Mapatano hayo yalikuwa na pande mbili, na upande mmoja umekwisha kuvunjika bila mtu yeyote kutangaza. Karakana za vijiji zilikufa, maduka ya ushirika yakafungwa, vyuo vikahamishwa kutoka wizara moja kwenda nyingine, na mahali pa kazi pakaanza kudai vyeti ambavyo wahitimu wa zamani hawakupewa. Mhitimu bado anarudi na bado anatumika. Kinachokosekana ni wa kumpokea.

Nilimaliza darasa la saba mwaka 1988. Sikufaulu kuendelea, kama ilivyokuwa kwa watoto wengi sana wa wakati huo, maana nafasi za sekondari zilikuwa chache mno hata mtoto mwenye akili aliweza kukosa. Nikaolewa, nikalima, nikauza vitumbua, na mume wangu alipofariki nikagundua kwamba sina ujuzi wowote ambao mtu angeweza kunilipa kwa huo. Chuo cha wananchi kilikuwa umbali wa saa nne kwa basi. Nilimwacha mtoto wangu mdogo kwa mama yangu mzazi, na katika miaka ile miwili hakuna usiku uliopita nisimfikirie. Siku hizi baadhi ya vyuo vina vituo vya malezi ambako mama mwanafunzi humwacha mtoto wake asubuhi akaenda darasani, hasa kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho unaowarudisha masomoni wasichana na wanawake vijana waliokatishwa shule. Nikiwaona wakibeba watoto mgongoni na daftari mkononi, nafurahi na naona wivu kidogo, nakiri.

Darasa letu la bomba lilikuwa na wanawake wawili tu. Vijana wa miaka 18 walikuwa wepesi kuliko mimi kukata uzi kwenye bomba la chuma na kukariri vipimo, lakini mwalimu alipotupeleka kutengeneza tanki la shule ya jirani, sisi watu wazima ndio tuliouliza nani atalisafisha tanki hilo, fedha za koki mpya zitatoka wapi, na watoto wa darasa la kwanza watafikiaje bomba lililowekwa juu ya vichwa vyao. Maswali kama hayo hutoka kwa mtu aliyewahi kubeba ndoo kwa miaka ishirini. Naamini hapo ndipo penye thamani ya kumfundisha mtu mzima, na ni thamani ambayo haionekani ukihesabu tu miaka iliyobaki kabla ya kustaafu.

Tena kuhusu hiyo miaka iliyobaki, hesabu ya msomaji mwenzangu ina kasoro. Kijana anayepata cheti akiwa na miaka 20 ana haki kabisa ya kwenda Dar es Salaam, Dodoma au Mwanza kutafuta maisha, na wengi wa wenzangu vijana walikwenda, wala siwalaumu. Mimi nilikuwa na shamba, watoto, mama mzee na kaburi la mume wangu. Nisingekwenda popote. Kwa hiyo kijiji chetu kimepata zaidi ya miaka 15 ya fundi yule yule, anayeishi pale pale, anayejulikana kwa jina na kwa nyumba, na ambaye akifanya kazi mbovu hukutana na mwenye bomba njiani kesho yake asubuhi.

Mradi wetu ni wa maji ya mserereko, yaani maji yanayoteremka yenyewe kutoka chanzo kilichoko mlimani bila pampu. Bomba la kwanza lilitandazwa katika miaka ya sabini, ndani ya ule mpango wa maji vijijini ulioanza mwaka 1971 na uliolenga kila mwananchi apate maji safi na salama si mbali na nyumbani kwake ifikapo mwaka 1991. Baba yangu alikuwa miongoni mwa waliochimba mtaro, na nikiwa mtoto alinionyesha mahali bomba linapopita chini ya mashamba ya watu. Mwaka 1991 ulipita, bomba likazeeka, na Sera ya Maji ya mwaka 2002 ikarudia lengo lile lile la kituo cha maji ndani ya meta 400 kutoka nyumbani, kituo kimoja kihudumie watu 250. Mtandao mpya ulipojengwa, mkandarasi alifuata kwa sehemu kubwa njia ile ya zamani. Miezi michache baada ya makabidhiano, vilula vya upande wa chini vikakauka, ilhali tanki la juu lilikuwa limejaa mpaka linamwagika. Watu walichimba sehemu tatu wakitafuta mahali bomba lilipopasuka. Nilipoitwa siku ya nne nilikwenda moja kwa moja kwenye kilima ambako bomba hupanda kabla ya kushuka tena, kwa sababu nilijua hewa hukwama mahali pa namna hiyo na kuzuia maji yasipite. Nilifungua kile kifuniko cha valvu ya hewa kilichokuwa kimezikwa na udongo, hewa ikatoka kwa mlio uliowaogofya watoto, na baada ya nusu saa maji yalikuwa yanatiririka chini. Kazi ile ilikuwa ya saa mbili. Nililipwa asante na sahani ya wali.

Sikulalamika siku hiyo, na hata leo silalamiki kwa ajili ya siku hiyo moja. Kijiji kilikuwa na kiu, nami ni mwanakijiji. Tatizo ni kwamba asante ile iligeuka kuwa utaratibu. Tangu mwaka 2010 nimeziba mivujo usiku wa manane, nimebadilisha koki za zahanati, nimeweka mabomba ya kunawia mikono katika shule mbili, nimefundisha wasichana saba kuunganisha bomba la plastiki kwa moto, na nimekaa katika kamati ya maji kwa vipindi viwili. Karibu yote hayo niliyafanya kwa jina la kujitolea. Kwa nyumba za watu binafsi nalipwa, na ndiko nilikopata riziki, lakini kwa kazi ya umma, ambayo ndiyo ngumu na yenye lawama nyingi zaidi, huambiwa kwamba mimi ni mtoto wa hapa. Kujitolea ni mila yetu nzuri, na mtaro wa baba yangu ulichimbwa hivyo. Ila mtaro ule ulichimbwa na kila mtu, kila nyumba ikiwa na kipande chake. Leo anayejitolea ni fundi peke yake, na wengine wote wanamwangalia.

Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 ilipounda RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, na kuweka vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii mahali pa kamati za zamani, nilifurahi kuliko wengi, kwa sababu chombo cha aina hiyo hutoza maji, huwa na akaunti na huweza kuajiri fundi kwa mshahara, hata kama ni mdogo. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimekwisha kufanya Mtihani wa Maarifa, ule unaoitwa QT, ambao humfungulia mtihani wa kidato cha nne mtu asiyepitia sekondari, na mwaka 2019 nikafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikiwa nimeketi chumba kimoja na vijana wenye umri wa mwanangu wa pili. Matokeo yalipotoka nilikuwa nimefaulu. Tangazo la kazi lilibandikwa kwenye ubao wa ofisi mwaka 2021, likiwa limenakili masharti yale tunayoyasoma katika matangazo mengi ya ajira serikalini: mwombaji awe na cheti cha kidato cha nne, na asiwe na umri unaozidi miaka 45. Sharti la kwanza nililitimiza baada ya kulihangaikia kwa miaka. Sharti la pili lilinishinda, kwa kuwa nilikuwa na miaka 47.

Ndugu Mhariri, masharti hayo mawili yakikaa pamoja humfungia nje mhitimu mtu mzima kana kwamba yalitungwa kwa ajili yake. Aliyeanza masomo akiwa na miaka 34, akafanya kazi mchana na kusoma usiku, anafika kwenye cheti wakati mlango wa umri unafungwa. Naelewa sababu ya ukomo huo katika utumishi wa umma wa kudumu: umri wa kustaafu kwa lazima ni miaka 60, na serikali inataka mtumishi achangie pensheni kwa muda wa kutosha. Lakini nafasi niliyoomba ilikuwa ya mkataba wa mwaka mmoja mmoja, katika chombo cha wananchi wenyewe, isiyo na pensheni. Waliotunga tangazo waliazima masharti ya nyumba kubwa wakayavika kibanda.

Kijana aliyeajiriwa ni mtu mwema na mwenye bidii, na napenda hilo lieleweke. Alitoka wilaya nyingine. Wiki yake ya kwanza alinipigia simu, akisema, "Shikamoo mama, nimeambiwa wewe unajua valvu za upande wa mashariki ziko wapi." Nilikwenda nikamwonyesha zote, moja baada ya nyingine, na tumekuwa marafiki. Anapokwenda likizo, simu huja kwangu. Yeye ana mshahara na mimi nina ramani kichwani, na chombo chetu cha maji kinatumia vyote viwili kwa bei ya kimoja.

Lazima niwe mkweli kwa upande wetu pia. Wapo wahitimu wa vyuo vya wananchi ambao kazi yao inavuja kabla hawajafika nyumbani, wapo wanaochukua fedha ya vifaa vya chuma wakanunua vya plastiki, na wapo waliosoma katika vyuo ambavyo karakana yake ilikuwa na spana moja kwa wanafunzi kumi. Kwa hiyo siungi mkono wazo la kumwajiri mtu kwa sababu tu ameishi kijijini muda mrefu. Fundi apimwe. VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, ina utaratibu wa urasimishaji wa ujuzi, ambao humpima fundi aliyejifunzia kazini kwa kumtazama akifanya kazi, kisha akapewa cheti. Na vyuo vya wananchi vyenyewe siku hizi vinafundisha kozi za ufundi kwa mitaala ya VETA, hivyo mhitimu wa leo hana sababu ya kutoka na karatasi isiyotambulika nje ya lango la chuo. Mimi nimepimwa. Ninachoomba ni kwamba aliyekwisha kupimwa akafaulu asikataliwe kwa tarehe yake ya kuzaliwa.

Naziomba basi halmashauri zetu na vyombo vya maji vitazame upya sharti la umri kwa nafasi za mkataba ngazi ya kijiji na kata, kwa mafundi wa maji na vilevile kwa walinzi wa misitu ya vijiji, waangalizi wa majengo ya shule na wengine wa namna hiyo. Naomba pia miaka ya kutumikia jamii ihesabiwe kuwa uzoefu wa kazi. Tangazo likidai uzoefu wa miaka mitatu, aliyetunza mradi wa maji kwa miaka kumi bila mshahara asiandikwe kuwa hana uzoefu, kwa maana kutolipwa kwake hakukuyafanya maji yale yasinyweke. Na mkutano mkuu wa kijiji uweke mpaka ulio wazi kati ya kujitolea na ufundi: kuchimba mtaro, kubeba mchanga, kufyeka njia ya bomba, hayo tufanye sote, fundi naye akiwamo na jembe lake; lakini kuunganisha bomba, kufunga dira ya maji na kutafuta hitilafu ni kazi ya kulipwa, kama tunavyomlipa anayekuja kutoka mjini, ambaye hatujawahi kumwambia kwamba yeye ni mtoto wa hapa.

Vyuo navyo vina deni. Tangu nihitimu hakuna aliyewahi kuniuliza nilikwenda wapi na ninafanya nini. Chuo ambacho hakijui wahitimu wake wako wapi kitajibu nini kikiulizwa faida yake? Msomaji mwenzangu aliandika kwamba vyuo hivi havina matokeo, na huenda aliandika hivyo kwa sababu hakuna mahali alipoweza kuyasoma. Kila mwaka wanafunzi wawili watatu wa mwaka wa mwisho wangetumwa vijijini na daftari, wakawatafuta waliowatangulia, wakaandika walichokikuta pamoja na vilivyoharibika, chuo kingekuwa na hoja mkononi na wanafunzi wenyewe wangejua kazi halisi inavyofanana.

Kwa upande wangu nimekwisha kuanza. Nina daftari kubwa la mistari ambamo nimeandika, kwa kukumbuka na kwa kuuliza, kila kazi ya umma niliyoifanya tangu mwaka 2010: tarehe, mahali, kilichoharibika, kilichotumika na nani alikuwapo. Nimelipeleka ofisini, na mtendaji wa kijiji, ambaye mwanzoni alicheka, ameanza kulipitia ukurasa kwa ukurasa akiwaita mashahidi na kugonga mhuri. Hadi Ijumaa iliyopita alikuwa amefika mwaka 2016. Mkataba wa yule kijana unamalizika mwezi Juni, naye ameniambia hatauhuisha kwa sababu amepata kazi kwao, kwa hiyo tangazo jingine litabandikwa kwenye ubao ule ule. Nitaomba tena, na safari hii nitaliambatisha daftari.

Wako mtiifu,

Fundi bomba, mhitimu wa Chuo cha Maendeleo ya Wananchi
(Jina na anwani vimehifadhiwa)